Tano Haikunjiki

Kila Januari, kabla hata ya kuuliza habari za Krismasi, Mwalimu Watiri alipita ofisini kwa walimu akiomba kalenda za mwaka uliokwisha. Picha hazikuwa na kazi kwake. Alitaka upande wa nyuma, ule mweupe, ambao aliukata kwa mkasi kuwa vipande vya mstatili vya ukubwa mmoja, akavifunga kwa mpira na kuvitia kwenye kabati la Gredi ya Nne. Vilikaa humo mpaka muhula wa pili, wakati wa kufundisha sehemu za hesabu, nusu na robo na wenzake. Darasa langu limepakana na lake na ukuta wa katikati ni wa mbao, kwa hivyo somo hilo nimelisikia kwa miaka kumi na tisa. Naweza kulifundisha nikiwa nasinzia.

Mimi naitwa Kagendo. Ni mtu wa Chuka, upande ule mwingine wa mlima, na nililetwa huku Tetu kwa barua ya uhamisho niliyodhani ni ya mwaka mmoja. Siku ya kwanza Watiri ndiye aliyenipa kikombe cha uji na kunionyesha kiti ambacho mguu wake haujalegea. Tangu hapo mimi ni rafiki yake, na ndiyo maana habari hii inaniuma.

Somo lake lilikwenda hivi. Kila mtoto alipewa karatasi moja, akaikunja katikati, akapaka rangi upande mmoja. Kisha alitakiwa kuufunika upande mmoja kwa ule mwingine na kuangalia kama kuna ukingo unaochungulia. Ukichungulia hata kidogo, Watiri alisema hiyo si nusu, hicho ni kipande. Kipande kinaweza kuwa cha ukubwa wowote, aliwaambia, lakini nusu lazima ilingane na mwenzake, na robo ilingane na wenzake watatu. Alirudia hayo mpaka nami upande wangu nikawa nayasema kimyakimya pamoja naye.

Basi mwaka mmoja alikunja karatasi kwa upana, nusu ya juu na nusu ya chini, akauliza kama zinalingana. Darasa zima likakataa. Akaikata mbele yao, akaweka moja juu ya nyingine, zikalingana sawasawa. Wakakataa tena. Alipowauliza sababu, mtoto mmoja alisimama na kumuuliza, kwa heshima kabisa, huyu wa chini atapita wapi kufika barabarani.

Asiyejua huku hawezi kuelewa swali hilo. Mashamba ya Tetu yameshuka kutoka mgongoni mwa kilima, penye barabara, mpaka bondeni penye mto, na yakigawanywa hugawanywa kwa urefu, vipande vyembamba vinavyoteremka sambamba ili kila mmoja apate barabara juu na maji chini. Mtoto wa hapa anazaliwa akiona hivyo. Ukimpa mstatili mweupe, yeye haoni karatasi, anaona shamba, na aliyepewa nusu ya chini amedhulumiwa hata kama mwalimu ana rula. Watiri alicheka mpaka akakaa chini. Wiki nzima alijaribu kuwashawishi na akashindwa, na mwishowe akachora chapati ubaoni, kwa sababu chapati haina barabara wala mto.

Alikuwa na udhaifu mmoja. Nusu, robo na thumuni alizifundisha kwa raha, maana karatasi unaikunja tu na kuikunja tena. Theluthi alizifanya kwa jasho. Alipofika moja ya tano alisema, tano haikunjiki vizuri, tutaichora ubaoni, na akaivuka haraka. Nilikuwa nikimtania kwamba anaikwepa tano kama mtu anavyomkwepa mchangishaji wa harambee. Naye alinijibu kwamba hata wanunuzi wa ploti wanazungumza nusu, robo na thumuni tu, hajawahi kumsikia hata mmoja akiulizia moja ya tano.

Watiri hakuolewa. Huku hilo husemwa kwa sauti ya chini, kama ugonjwa, lakini yeye mwenyewe alilisema kama mtu anayekuambia hali sukari. Waliozaliwa kwao ni watano: yeye na ndugu zake wanne, wote wanaume. Nderitu, wa kwanza, anauza mbao Sagana. Gatimu, kitinda mimba, yuko Nyeri mjini na ana mpango mkubwa wa kupanda avokado. Wale wawili wa katikati mmoja ni dereva wa lori, mwingine alihamia Kangema kwa wakwe zake kwenye majani chai. Wote waliondoka, na wote hurudi Krismasi na mikate.

Aliyebaki na baba yao, Mzee Wamae, ni Watiri. Mama yao alipofariki miaka kumi na mitano iliyopita, yeye ndiye alijenga nyumba ya mbao ya vyumba viwili chini kidogo ya nyumba ya mzee ili amsikie akikohoa. Alipanda majani ya nepia kuwa lishe, akafuga ng'ombe wawili, akang'oa kahawa iliyozeeka na kupanda mpya. Kila asubuhi kabla ya shule alikamua, akampikia mzee uji, akamfunga viatu. Mzee ana miaka themanini na sita na vidole vyake havifungi kamba tena.

Na mzee alimpenda, sitamwonea kwa hilo. Kwa desturi ya hawa watu binti wa kwanza hupewa jina la mama wa baba yake, na akishapewa jina hilo amekuwa huyo bibi. Kwa hivyo Mzee Wamae hakumwita Watiri binti yangu hata siku moja. Alimwita Maitu, yaani mama yangu. Mzee mzima, fimbo mkononi, anamwita mtoto aliyemzaa mwenyewe mama, na ukimsikia anavyolisema utaona macho yake yanalainika. Mara ya kwanza nilipolisikia nilitamani mtu aniite hivyo.

Mwaka huu Watiri anastaafu. Anafikisha miaka sitini mwezi wa Agosti. Mwanzoni mwa mwaka alianza kuniambia mambo ya huko mbele: atajenga choo kipya, ataongeza ng'ombe wa tatu, atapanda miti ya matunda pale karibu na mto. Nilimsikiliza tu. Mzee alikuwa ameshasema anataka kugawa shamba akiwa hai ili watoto wasije wakashikana mashati juu ya kaburi lake, na mimi nilidhani, kwa ujinga wangu, kwamba watoto ni watoto.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa nne. Watiri aliniomba nikamsaidie jikoni, maana wake za ndugu zake wangechelewa kufika. Nilimkuta asubuhi kwenye meza ya jikoni na rula na penseli, ameinamia karatasi. Nilimwambia aache kazi za shule hata siku moja. Akatabasamu, akaitia karatasi mfukoni mwa aproni, tukaanza kumenya viazi.

Walikaa sebuleni kwa mzee: wana wanne, na wazee wawili wa ukoo walioletwa kuwa mashahidi. Mbuzi alikuwa amechinjwa. Mazungumzo yalikuwa ya Kikuyu, lakini kwa miaka kumi na tisa hata jiwe lingekuwa limejifunza. Tulisikia habari ya ekari tatu, habari ya mwembe wa mpakani, habari ya nani alikosa kuja mazishi fulani. Kisha mzee akaita kutoka huko ndani, Maitu aje na zile karatasi zake za shule.

Watiri alivua aproni. Akaitazama, akaivaa tena. Akafunga kitambaa vizuri kichwani na kunitazama kwa uso ambao sijausahau.

"Kagendo," aliniambia, "nimeitwa."

Nilibeba birika nikamfuata. Mzee alimwonyesha kigoda karibu na goti lake, na kusema mbele ya wote kwamba hakuna mtu kwenye kilima hiki anayejua kugawa kwa haki kumshinda mtoto wake huyu, kwamba nusu ya vijana wa Tetu wamefundishwa na yeye, na kwamba akikunja Watiri hakuna atakayebisha. Wazee wa ukoo wakaitikia kwa vichwa. Nderitu alisema ni kweli, Mwalimu hana mapendeleo. Hata ndugu zake wanamwita Mwalimu. Watiri alikuwa ameshika karatasi moja nyeupe kwa mkono wa kushoto, na mkono wa kulia ulikuwa ndani ya mfuko wa aproni.

"Hapa juu ni barabara," mzee akasema, akigusa karatasi kwa kidole. "Hapa chini ni mto. Kunja kwa urefu, Maitu. Mara mbili."

Mimi nafundisha watoto wadogo zaidi, lakini kukunja mara mbili najua kunaleta ngapi. Nilisimama na birika langu nikingoja mtu aseme kitu. Nilimtazama Nderitu, ambaye anasoma Biblia kanisani kila Jumapili. Nilimtazama Gatimu, ambaye karo yake ya sekondari, miaka yote minne, ilitoka kwenye mshahara wa dada yake. Alikuwa akiitazama karatasi kama mtu anayeiona avokado tayari. Kwa hasira nikamimina chai kwenye sahani ya mzee mmoja wa ukoo, naye akaniambia pole.

Watiri alitoa mkono mfukoni. Ulikuwa mtupu. Akakunja karatasi katikati kwa urefu, akapitisha ukucha kwenye mkunjo kama anavyowafundisha watoto, akakunja tena, akapitisha ukucha. Akaifungua na kuilaza kwenye meza. Mistari mitatu, vipande vinne, vyote vimelingana kabisa. Nderitu alifurahi akasema, robo tatu ya ekari kila mtu, hesabu safi. Mzee akamshika Watiri bega na kumshukuru, na akamwomba awaandikie majina, kwa sababu ana mwandiko mzuri.

Akaandika. Majina manne.

Tulipokuwa tukiosha vyombo nilimuuliza kwa nini hakusema. Akaniuliza kwa nini mimi sikusema. Nikamjibu mimi ni mgeni, ni rafiki tu, tena mtu wa Chuka, ningeingilia vipi mambo ya nyumba ya watu. Alinitazama kwa upole, akanipa sahani nyingine nifute. Nilijiona mdogo.

Asidhani mtu kwamba hakujaribu. Wiki mbili baadaye alimwendea baba yake wakiwa wawili tu, akamfunga viatu kwanza, halafu akamuuliza. Aliniambia maneno yalivyokuwa, na aliniambia bila kulia.

"Baba, na mimi niko wapi kwa hiyo karatasi?"

"Wewe ni mama yangu," mzee alimjibu. "Mama hapewi shamba na mtoto wake. Mama anakaa tu. Nani anaweza kufukuza mama?"

Watiri alisema hakuona hila yoyote usoni mwa mzee. Ndilo lililomwangusha. Angekuwa mkali angemjibu, angekuwa mwongo angembishia, lakini mzee alikuwa amempa jibu tamu kuliko yote aliyokuwa nayo, na akaomba uji. Watiri akaenda kupika uji.

Alimwendea mchungaji pia. Mchungaji alisali naye kwa muda mrefu na kumwambia Mungu ataweka mkono. Alimuuliza mtu mmoja anayejua mambo ya sheria, akaambiwa kwamba baba akiwa hai shamba ni lake, anampa amtakaye, na kwamba anaweza kwenda kulalamika kwenye bodi ya ardhi kabla hawajaidhinisha. Kulalamika maana yake ni kusimama mbele ya watu na kumshtaki mzee wa miaka themanini na sita anayekuita mama. Alivaa koti siku ya bodi. Nilimwona getini kwa shule, koti limefungwa vifungo vyote, akiwa ameomba ruhusa kwa mwalimu mkuu. Alisimama hapo mpaka gari la pili likapita, akarudi darasani.

Mpimaji ardhi alikuja mwezi wa tano, mvua ikinyesha. Kuanzia siku hiyo kuna bikoni moja ya zege, alama ya mpaka, kati ya mlango wa Watiri na zizi la ng'ombe wake. Nyumba yake iko kwenye robo ya Gatimu na zizi liko kwenye robo ya yule wa Kangema. Kila asubuhi anauvuka mpaka huo kwenda kukamua. Gatimu si mtu mbaya, nasema hivyo nikiwa nimeuma meno. Alimwambia dada yake kwamba hakuna haraka, amalize kwanza kustaafu, miche haitafika kabla ya Oktoba. Alimletea pia mkate.

Yale mazungumzo ya choo kipya na ng'ombe wa tatu yaliisha. Ukimuuliza Agosti anaenda wapi anasema tutaona. Nilimwambia aje kwangu, nina chumba. Alishukuru, na sote wawili tulijua kwamba mimi mwenyewe ni mpangaji, na chumba chenyewe ni stoo ya mahindi.

Muhula wa pili ulipofika, zamu ya sehemu ikafika nayo. Nilimsikia kupitia mbao akigawa karatasi. Nusu zikapita, robo zikapita, lakini sauti yake ilikuwa imepungua, na ile habari ya kulingana aliisema mara moja tu. Siku ya kufundisha moja ya tano sikusikia kitu kabisa. Niliwapa watoto wangu kazi ya kuandika, nikachungulia mlangoni kwake.

Alikuwa ameshaandika ubaoni, tano haikunjiki, na alikuwa akianza kuchora mstatili. Msichana mmoja wa kiti cha nyuma, Shiku, mtoto mkimya ambaye sweta lake limefumwa upya mikononi, alikuwa na karatasi yake juu na amesimama bila kuitwa.

"Mwalimu, imekunjika."

Watiri alimwambia alete. Akaipokea, akaifungua, akaitazama. Akafunika kipande kwa kipande, vyote vitano, akitafuta ukingo unaochungulia. Haukuwepo. Alimuuliza Shiku amepima na nini, akasema hakupima. Basi akamwomba arudie mbele ya wote kwa karatasi mpya.

Mtoto aliweka karatasi mezani akaanza kuikunja bila kuiminya, huku na huku, kama mtu anayekunja pazia, vipande vitano vilivyolegea. Akavuta hapa, akalegeza pale, mpaka pande zote zikakaa sawa. Ndipo akaiminya kwa kiganja. Haikuchukua hata dakika moja. Miaka kumi na tisa nimesikia kwamba jambo hilo haliwezekani.

"Nani alikufundisha?" Watiri akauliza.

"Hakuna. Kwetu tuko watano," Shiku akasema. "Ukikunja nusu kwanza, kuna mtu anakosa. So unahesabu watu kwanza, halafu ndio unakunja."

Watiri alimwambia vizuri, akae. Alichukua kifutio akafuta ubaoni lile neno lake, akalifuta hata pale lilipokuwa limeshafutika. Kisha akanigeukia, akaniomba nimshikie darasa kidogo. Niliwaambia watoto wote wajaribu njia ya Shiku, na nilipoona wanasaidiana, nikatoka kumfuata.

Nilimkuta nyuma ya darasa karibu na tangi la maji. Nikaanza kumliwaza, nikasema maneno ya kipumbavu, kwamba laiti angeijua njia hii ile Jumamosi ya mwezi wa nne, labda angewaonyesha, labda mzee angeona inawezekana. Alinisikiliza mpaka nikamaliza. Akafungua daftari alilotoka nalo akatoa karatasi, upande wa nyuma wa kalenda, imechakaa kwenye pembe. Ilikuwa na mistari minne ya penseli, myembamba, iliyopimwa kwa rula, na haikuwa imekunjwa mahali popote. Vipande vitano. Juu ameandika barabara, chini ameandika mto.

"Nilikuwa nayo kwa mfuko, Kagendo," akasema. "Mkono ulikuwa juu yake. Halafu Baba akaniita Maitu."

Nilisimama pale nikiwa mtupu vilevile kama siku ya birika, na kengele ya mapumziko ikalia, na watoto wakatoka wakikimbia, wengine wakipunga karatasi zao za vipande vitano. Shiku alipita akatuamkia. Watiri aliitikia. Halafu akachukua ile karatasi ya penseli ili aitie mfukoni, na kwa kuwa mfuko ni mdogo, akaikunja katikati kwa urefu, akapitisha ukucha, akaikunja tena.